Kiti cha Karibu na Mlango

Jumatano, 6 Machi
Leo nimesema kwenye kundi letu la hospitali. Hatimaye! Nimewaeleza asubuhi ile mtoto alipozidiwa, nilivyompigia kaka alete gari, simu ikalia tu bila kupokelewa. Na kwamba tangu tumzike, mume wangu akinigusa nageuka gogo. Nilidhani watanicheka. Bibi Sulia, yule anayesikia sauti, akanipapasa goti: eti hata sauti zake zimenyamaza zinisikilize. Tukacheka wote, mimi na kamasi zangu. Fangupo, mwalimu anayekabwa na hofu hata dukani, akavuka ukumbi peke yake kuniletea maji. Yeye!

Alhamisi, 7 Machi
Nimelala mpaka jua limetoka. Mume wangu anauliza wamenipa dawa gani. Viti, nimemwambia. Na watu juu yake.

Jumatano, 13 Machi
Kumeletwa mgonjwa mpya. Paea – kaka yangu, yule niliyempigia simu!

Ni mtoto wa mama mkubwa, lakini kwetu kaka ni kaka. Nilijua walimtoa majini mwezi uliopita, na kwamba hakuwa anaogelea. Sikujua ataletwa hapa. Aliponiona aliganda, akakaa kiti cha karibu na mlango, macho sakafuni. Mimi nikaukaza mkeka wa msiba ninaouvaa kiunoni, na wala haukuwa umelegea.

Nesi Losaline akamwambia aseme lolote. Paea akazidi kuinama. Nesi akanigeukia: wiki hii nimeendeleaje na mume wangu? Mbele ya kaka, ambaye tangu nivunje ungo hata sinema hatujatazama chumba kimoja! Nikasema kichwa kinauma.

Nesi si mjinga. Ni mtu wa visiwa vya mbali vya Vava'u tu, ukoo wetu haujui. Bibi Sulia alipomnong'oneza kuwa sisi ni kaka na dada, alishika mdomo. Baadaye akanifuata nje. Akasema kundi ni hili moja, atakayetoka atamsubiri daktari, na daktari hana nafasi.

“Paea amesema atatoka yeye,” akaniambia. “Anasema wewe ni dada, kiti ni chako.”

Bila shaka. Kaka humpisha dada. Ni heshima yake kwangu, na itamuua.

Jumapili, 17 Machi
Baada ya ibada mama mkubwa kaniletea lu, nyama iliyofungwa kwa majani ya magimbi, bado ya moto, majani yamelainika vizuri. Alikuwa amemfungia Paea. Paea hakuigusa, akasema apelekewe dada. Nimekula huku nalia. Tangu maziko Paea hajakanyaga kwangu, na mimi nikidhani ni msiba tu.

Nina hasira naye. Nina hasira na adabu yetu pia. Nakitaka kiti changu.

Jumatano, 20 Machi
Nimewahi mapema. Nikamwambia Nesi: dada akiamuru, kaka hakatai. Mwambie nimeamuru akae ndani, aseme.

“Na wewe, dada, utasemea wapi?”

Nimechukua daftari langu. Nimetoka kwenda barazani. Fangupo kanifuata na kiti changu, hakuna aliyemtuma.

Naandika nikiwa hapa. Paea amepitia mlango wa nyuma asinipite. Mwanzoni nilimsikia Bibi Sulia tu, akikohoa. Sasa Paea anasema, taratibu. Dirisha liko wazi. Adabu ni niondoke, nisisikie ya kaka yangu.

Amelitaja jina la mwanangu.

Anasema asubuhi ile alikuwa macho. Simu aliisikia. Aliiangalia ikilia mpaka –

Niondoke. Bado naandika. Nesi amesogea dirishani kulifunga, ameniona, na mkono wake umebaki kwenye komeo.