Evaline na jiwe la Mama Ambe

Brigita weee, Evaline wetu leo kaniua! 😂😂

Si alitumwa hekaluni kwa Wahindi, akaombe masufuria ya kupikia uji wa watoto wa wakimbizi waliovuka juzi kutoka Burundi? Kafika hoi kwa jua. Barazani kaona kitu kama kigoda, kimefunikwa kitambaa chekundu. Kakaa!

Bi Hansa, yule bibi anayetunza hekalu, akatoka, akaitikia shikamoo yake huku akimtazama. Akaanza kumsimulia: zamani huko India ng'ombe alikuwa akimwaga maziwa yake juu ya jiwe, kila siku, mpaka mungu wao, Mama Ambe, akatokea humo jiweni. Babu zake wakalileta jiwe hilo Kigoma.

Evaline akauliza, "Liko wapi bibi, nilione?"

"Umelikalia."

KALIKALIA, Brigita! Kamkalia mungu wa watu!

Akaruka, akapiga magoti. Kwa kuchanganyikiwa akatoa tena shikamoo! Akajua masufuria ndiyo basi.

Bi Hansa kacheka mpaka machozi. "Huyu ni mama, mwanangu. Mama gani hajakaliwa na mtoto?"

Sasa hivi wako Kibirizi na masufuria, kwa wale watoto wakimbizi. Bibi mwenyewe kashika mwiko, anakoroga uji!