Trekta Lililo Juu ya Nyumba ya Mama Yako

Kijiji cha Malindi,
Kwa mkono wa Mchungaji,
S.L.P. Lushoto.
9 Machi, 1975.

Mpendwa mpwa wangu Sefania,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Je, huko karakana kwenu Tanga joto linakuacha upumue? Na mkeo Yudith, mguu umepona? Sisi huku tunakula, Mungu anatutunza, ila mimi usingizi umenipungua, na sababu utaisoma huko mbele.

Mama yako mzima. Viazi vyake vimekubali mwaka huu na mbuzi amezaa mapacha. Kwa afya yake usiwe na wasiwasi.

Sasa sikia. Kijiji chetu cha ujamaa kimepewa trekta la kale la yule mzungu wa shamba la juu, lile la magurudumu ya chuma yenye meno kama ya mamba, ambalo ulilipanda kwa siri utotoni ukachana kaptula. Mimi ndiye niliyeliamsha. Lilikuwa limelala majanini miaka na miaka. Nikalipiga teke moja tu, likanguruma mpaka kuku wa Lushoto mjini wakataga bila kupenda. Mwenyekiti wetu, Mzee Shabani, akasema mbele ya watu wote, "Mgoshi Kornelio, fundi wa kijiji ni wewe." Nami sikumkatalia.

Tukaliteremsha. Pale kwenye kona, juu ya nyumba ya mama yako, gurudumu la nyuma likaanza kuyumba, kisha likagoma kabisa. Nikasema livuliwe. Tukaliinua trekta kwa magogo ya mkaratusi, na nati nikazitoa kwa nyundo na patasi, kwa kuwa spana ya kuzitosha haikuwapo. Nati zilitoka. Gurudumu halikutoka. Na zile bolti nimezipondaponda, nati hazirudi tena. Basi trekta limeegemea magogo, gurudumu halijashikwa na kitu ila kutu, na upande wa chini, Sefania, ni paa la mama yako.

Mvua zimeanza. Udongo chini ya magogo umekuwa uji. Nimelifunga kwa mnyororo kwenye mti, nimeweka na mawe, lakini kila asubuhi nikienda nayakuta mawe yamesogea.

Vyombo nimetafuta mpaka miguu imevimba. Fundi baiskeli wa Lushoto alinitolea spana zake, nati yangu ingezimeza zote. Nikashuka Mombo kwa Selemani, fundi wa magari. Akaigeuzageuza nati mkononi.

"Mzee, spana ya hii ilirudi Ulaya na mwenyewe," akasema. "Halafu gurudumu hilo halipigwi nyundo. Linavutwa."

Akanichorea mchangani chuma cha miguu mitatu chenye skrubu katikati. Miguu inaling'ang'ania gurudumu, skrubu inasukuma ekseli, gurudumu linatoka polepole. Yeye hana. Anadhani karakana kubwa kama hiyo yenu haiwezi kukosa.

Ndicho ninachokuomba, hicho cha miguu mitatu, kikubwa kuliko vyote. Na jeki za skrubu, hata mbili, maana magogo siyaamini tena. Na bolti na spana yake. Nati nimeipaka masizi nikaigandamiza kwenye karatasi iliyomo humu, pimia hapo. Waombe wakubwa wako, usichukue kimyakimya.

Utauliza kwa nini mama yako asihame. Hilo linanitetemesha kuliko trekta lenyewe. Nilimwomba Mwenyekiti amhamishie kwa mdogo wetu Jenoveva. Mama yako akamjibu mbele ya mkutano, "Kornelio siku ile alisema trekta halitoki pale, basi halitoki. Si ndiye aliyeinua lori kule Magoma kwa bega moja huku anamenya ndizi?" Watu wakapiga makofi. Nikabaki nimesimama na kofia mkononi. Ile habari ya Magoma wewe usiache kuiamini, ila trekta si lori.

Jana nikamfuata jikoni. Nikamwambia, dada, kazi hii siijui, nakuapia kwa Mungu, toka humu ndani. Alicheka mpaka akaangusha mwiko.

"Leo umekuja mpole hivi, unataka nini? Ukitaka maharage, sema maharage."

Nikaapa tena. Akanipakulia maharage.

Kwa hiyo nimehamia kwake. Nimemwambia kwangu kunavuja. Mkeka nimetandika chumba cha upande wa mlima, kichwa kimegusa ukuta, ili mnyororo ukilia niusikie, nimbebe nje, apende asipende. Yeye anawaambia majirani nimefuata chakula.

Usiniandikie jibu, litachelewa. Panda basi uje mwenyewe na vyombo. Na ukifika, mbele ya watu sema lolote utakalo, hata kwamba mjomba wako hajui kitu. Labda wewe mama yako atakuamini.

Yudith na watoto wape mkono wangu. Jenoveva anakusalimu, na Mzee Shabani pia. Mungu akushike njiani, na huku aushike ule mnyororo mpaka ufike.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kukungoja,
Kornelio Shemboza