Gari la Kumbeba Riziki

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeosha gari kabla ya kwenda langoni pa hoteli, kama kila siku. Ndoo, sabuni, kitambaa. Jua lilipopanda nikaiona tena ile mikwaruzo. Myembamba, ya mviringo, boneti nzima, kama utando wa buibui. Gari jeusi halifichi kitu. Nimejitakia mwenyewe, vumbi kavu nalipangusa kwa kitambaa kilekile miaka yote.

Abiria mmoja tu leo, mpaka Tiwi.

Binti yangu Riziki amepiga simu. Harusi ni Jumamosi ya tarehe 22. Mimi ndiye walii wake, nitamwozesha msikitini Msambweni. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba atapelekwa kwa mumewe Kombani kwa gari la Baba Omari. Ndivyo anavyomwita mume wa mamake. Baba Omari.

Nikauliza langu lina nini.

"Baba, limefubaa. Kwenye picha halitapendeza."

Nikamwambia nitaling'arisha. Akasema haya, tutaona.

Naona wivu. Bora niuseme.

Jumatano, 5 Novemba

Duka la vipuri, Ukunda. Sikujua kuna makopo mengi hivyo. Muuzaji, dada wa bara, mcheshi, aliniwekea matatu juu ya kaunta. Nta: inang'arisha na kuifunika mikwaruzo, lakini mvua ikinyesha inarudi. Polishi laini: inaondoa mikwaruzo midogo, ila yataka subira. Na dawa ya kukata, nzito kama mchanga uliolowa.

Nikauliza ipi ina nguvu.

"Hii ya kukata, mzee. Hii ni noma, inamaliza kila kitu."

Nikachukua hiyo. Sikuuliza swali la pili. Nilikuwa nikimfikiria Omari akimfungulia Riziki mlango.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimejaribu kwenye buti, nyuma ya gari. Nilisugua kwa hasira. Mikwaruzo imetoka, umebaki ukungu. Kama kioo kilichopuliziwa pumzi, ila huu haufutiki. Imekula klia, ile rangi ya juu isiyoonekana.

Mjinga mimi. Afadhali ni buti, si boneti. Kopo nimelitupia humo humo ndani, sitaki kuliona.

Jumamosi, 8 Novemba

Kikao cha harusi, Msambweni, nyumbani kwa Omari, nyuma ya duka lake la simiti na mabati. Alinipokea vizuri. Karibu kaka, kaa hapa kaka, kula kaka. Angenipokea vibaya ningestarehe zaidi.

Riziki alikuja na maji ya kunawa. Akaanza na Omari. Labda kwa kuwa alikuwa karibu na mlango. Labda.

Omari anajua Riziki hali pweza. Anajua viatu vinambana mguu wa kushoto. Anayasema haya kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Mimi nilikuwa nikiyasikia kwa mara ya kwanza.

Halafu mamake akataja, kwa kupitia tu, kwamba Riziki anaendesha gari vizuri siku hizi. Nani kamfundisha? Omari. Jioni jioni, uwanja wa shule.

Mimi ndiye dereva. Maisha yangu yote usukani. Yeye muuza simiti ndiye aliyemfundisha mwanangu.

Sikumaliza pilau. Nikasema tumbo linaniuma.

Jumatatu, 10 Novemba

Nassoro, mwenzangu wa langoni, ana gari kuukuu kuliko langu na bado linang'aa. Nimemeza kiburi nikamwuliza. Akaliangalia buti, akacheka mpaka akashika magoti.

"Wewe mikwaruzo yako ni ya juujuu tu. Dawa ya kukata ya nini? Umemchinja kuku kwa shoka."

Akanipa maelekezo. Polishi laini. Osha kwanza, mchanga usibaki. Kivulini, bati likiwa limepoa. Anza na pahali padogo, tazama, ndipo uendelee. Kipande kimoja kimoja. Mwisho nta, ya kulinda, si ya kufichia.

Nimerudi dukani nikanunua polishi laini, spanji, na vitambaa vya manyoya laini. Jioni nilijaribu pembe ya boneti. Polepole. Nilipopangusa nikajiona uso mzima, mpaka mvi za ndevu.

Nilicheka peke yangu.

Ijumaa, 14 Novemba

Kila jioni baada ya kazi. Boneti imekwisha. Milango ya kushoto imekwisha. Mvua ya vuli inanikatiza, nakaa barazani nangoja. Mkono wa kulia unauma hadi begani.

Nikisugua nawaza. Namwona Riziki akishuka kwenye gari langu mbele ya watu wa Kombani. Namwona Omari nyuma, kwenye vumbi. Namrudia huyo wa vumbini mara nyingi kuliko Riziki. Si vizuri. Lakini ndivyo ilivyo.

Jumatatu, 17 Novemba

Limekwisha. Hata ule ukungu wa buti umepungua sana kwa polishi laini. Asubuhi langoni mgeni mmoja aliuliza kama gari ni jipya. Nassoro akajibu kabla yangu: ndiyo.

Jumatano, 19 Novemba

Nimelipeleka Msambweni. Naandika mikono bado ina harufu ya polishi.

Riziki alitoka nje, akalizunguka. Akapitisha kidole juu ya boneti. "Baba, limekuwa zuri, wallahi." Akanikumbatia. Kisha akatazama chini. Mamake ameshapanga. Watu wa mapambo wameshapima gari la Omari, vitambaa vimeshashonwa. "Usinune, baba. Wewe ndiye unayeniozesha."

Nikasema hakuna neno. Nilitamani kulia, na nina umri huu.

Hapo hapo Omari akatoka dukani. Watu wa mapambo wamelipangusa gari lake kwa kitambaa kikavu, boneti imejaa mikwaruzo ya mviringo, na rangi yake ni buluu iliyokoza, kila kitu kinaonekana. "Kaka, langu nalo nisaidie. Umetumia dawa gani?"

Nikafungua buti. Makopo mawili yalikuwemo. Nikampa la kukata. Nikamwambia asugue kwa nguvu.

Akanishukuru. Aliniombea dua.

Nikaondoka. Redio nilizima. Njia nzima niliiona ile boneti imefunga ukungu, Omari anapangusa, haufutiki. Mwanzoni nilifurahi. Nakiri, nilifurahi. Kisha nikamwona Riziki naye, ametoka na mapambo yake, anaitazama. Nilifika Gazi. Nikageuza.

Nilimkuta ameshakunja mikono ya shati, dawa ipo kwenye kitambaa, anainama. Nilipiga honi kama mwendawazimu.

"Siyo hiyo! Nimekosea kopo."

Uongo. Aliliangalia kopo. Sijui alielewa nini. Akaniwekea kitambaa mkononi, akasema, "Basi nifundishe."

Tukalisogeza chini ya paa la ghala. Tukaosha. Mimi nasugua, yeye anapangusa. Polishi yangu yote imeishia kwenye gari lake. Kabla ya Magharibi boneti ile ilikuwa inawaka kuliko yangu.

Inaniuma. Lakini nimekula kwao leo, na nimemaliza sahani.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimeozesha. Nilimshika bwana harusi mkono, nikayatamka maneno. Omari alikaa nyuma yangu. Nilimsikia akipenga kamasi.

Saa ya kuondoka, Riziki akaingia gari la buluu. Mashangazi wakajaza viti vilivyobaki. Omari alisimama na funguo mkononi. Kisha akampa mdogo wake. Akasema leo macho yake hayamfai kuendesha. Nafasi nyingine kwenye gari lake haikuwepo.

Akaja kwenye langu. Akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi.

Tukafuata nyuma, Gazi, Ukunda, mpaka Kombani. Vumbi lilikuwa letu sote wawili. Alilia waziwazi, bila aibu. Karibu na Tiwi akasema, "Alikuja kwangu hajaanza hata shule, kaka. Usiku analia anakutaka wewe. Sikujua la kumfanyia."

Sikujua hilo. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Nilimpa leso yangu. Kombani tulishuka pamoja, na watu walipouliza yupi ni baba wa bi harusi, yeye alininyooshea mkono mimi, nami nilikuwa nimeshamnyooshea yeye. Wakacheka. Nasi tukacheka.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua ya asubuhi. Maji yanateleza juu ya boneti bila kushika.

Omari amepiga simu. Riziki hajambo, amezoea, mama mkwe wake ni mtu mwema. Kwa hiyo amempigia yeye kwanza. Imeniuma. Kidogo.

Adhuhuri akanipigia na mimi. Ameongea hadi salio likamwishia.

Jioni nimempeleka abiria mpaka Shelly. Nimerudi, nimechemsha chai, nimekaa barazani.