Barua ya Askari na Wino Wangu Mwekundu

Mjukuu wangu Nafula,

Bibi yako anakusalimu, goti lake limetulia. Unauliza kwa nini niliacha wino mwekundu nikiwa bado nafundisha Kiingereza chuo kikuu hapa Kampala.

Enzi za utawala wa jeshi, askari mmoja aliniletea barua yake ya kuomba kuacha kazi, nimnyooshee Kiingereza. Kwa mazoea nikaijaza wino mwekundu, nikaandika chini, "Njoo unione," nikamrudishia. Kumbe nimemwamuru mwenye bunduki! Niliishi kwa hofu wiki nzima.

Akaja, kofia mkononi. "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Tukaiandika upya, akaipeleka kwa wakubwa wake. Sikumwona tena. Labda walimruhusu. Labda ile barua mbovu ya kwanza wangeipuuza tu, naye angebaki salama. Mpaka leo sijui nilimsaidia au nilimponza.

Barua yako ina makosa matatu, Nafula. Nimeyaacha.

Babu