Mbolea ya Bure Kutoka Kiwanda cha Ngozi

Kinna, Isiolo

Kwako Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Goti lako linaendeleaje, na Baba bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Sisi huku tu wazima. Watoto sasa wanaongea Kiborana zaidi kuliko Kibukusu, utawasamehe.

Uliniuliza mbona sikukutumia vitunguu. Mama, nimevizika.

Kile kiwanda cha ngozi cha huku kilikuwa kinatugawia mbolea ya bure. Meneja mwenyewe alikuja na lori, akatumwagia shambani tope la kibuluu lenye harufu ya mzoga. Alisema ni mabaki ya ngozi tu, chakula cha udongo. Tukamshukuru, wajinga sisi. Msimu wa pili mimea ikadumaa, majani yakawa ya manjano. Afisa wa kilimo akapeleka udongo maabara, jibu likarudi kwamba umejaa kromiamu, yale madini wanayotumia kutengeneza ngozi. Akatukataza kula au kuuza chochote cha shamba hilo.

Meneja akaitisha mkutano, akatubebea soda. Akasema maabara hukosea, na sisi wakulima tunaogopa tusichokielewa. Kando yangu alikaa jirani yangu Dhahabo, mama wa Kiborana anayefuga mbuzi. Akaninong'oneza kwamba bwana huyo hununua samadi kwake, magunia kwa magunia, ya bustani ya nyumbani kwake Chechelesi. Nikasimama.

"Bwana meneja, kwa nini bustani ya nyumbani kwako inakula samadi ya mbuzi, na mashamba yetu yanakula uchafu wako?"

Akaangalia simu yake. Akasema hayo ni mambo ya kibinafsi. Tuliinuka mmoja mmoja, tukamwachia soda zake. Mtu mzima, amesoma, na hata kudanganya vizuri hawezi.

Lori halijaonekana tena. Tope hakuna aliyekuja kuliondoa. Baba watoto alitaka tuuze vitunguu kimya kimya, maana wanunuzi wa mjini hawaulizi vimetoka wapi. Nikamuuliza kama anataka tufanane na yule mtu. Alichukua jembe. Tulichimba shimo pale pale shambani, tukavifukia vyote. Nililia, sitakuficha.

Dhahabo ametukaribisha kwenye kipande chake cha ardhi, upande wa juu wa mtaro ambako tope halikufika, tulime pamoja na tugawane mavuno. Tumeanza na maharagwe, na yameota vizuri.

Nisalimie Baba, kaka yangu mwalimu na mke wake, na shangazi wa kwaya, mwambie maombi yake yanafika.

Juzi nilikutana na meneja sokoni Isiolo. Akaninyooshea mkono, anatabasamu kama shemeji yangu. Niliuangalia huo mkono mpaka akaurudisha mfukoni.

Ni mimi binti yako,
Nekesa