Kifuniko cha Bi Salma

Mama,

Bi Salma amekuja. Amekuja na kifuniko.

Nimeanzia hapo kwa kuwa najua ndiyo habari ambayo ungeitaka kwanza, na kwa kuwa sijui barua ya namna hii huanzwa vipi. Kukuuliza hali siwezi. Mimi mzima. Nakula, nalala, nafagia ua, naitikia salamu za watu. Tangu siku ile sijalia. Waliokuja matangani walinisifu kwa subira, nikawaacha waseme, lakini haikuwa subira, Mama. Haikuwa kitu. Unakumbuka ulivyokuwa ukiigonga sahani kwa ukucha na kutega sikio? Iliyo nzima ililia mpaka ukatabasamu, na yenye ufa ikatoa sauti fupi, kama ubao. Nadhani ukinigonga mimi sasa hutasikia hata hiyo ya ubao.

Nyumba ni hii hii uliyoichagua hapa Maskati. Mwenye nyumba alipotutembeza siku ile alitusifia kisima na upepo wa darini, na wewe macho yako yalikuwa ukutani tu, kwenye vidaka. Ukasema tunaichukua, kabla hujaona jiko. Dari la chumba cha nyuma bado linavuja zile siku chache za mvua. Mume wangu bado yuko Kuwait. Sahani zako zote zimo vidakani, zenye muhuri wa taji upande wa dirisha, zenye muhuri wa simba upande wa mlango, na kila Ijumaa nazipangusa vumbi. Ile iliyoshonwa kwa pini za shaba, uliyokuwa ukiipenda kuliko nzima kwa sababu kuna mtu aliyekataa kuitupa, nimeipangusa leo. Na ile ya sokoni Matrah, uliyomkuta nayo muuza nafaka akipimia dengu. Tulikula dengu mpaka tukazichukia, maana ulikuwa ukienda kununua kila mara ili azoee uso wako kabla hujaitaja sahani. Mwishowe akakupa mwenyewe, pamoja na dengu ndani yake.

Kidaka cha kati ndicho kitupu. Nitakueleza.

Lile bakuli lenyewe nalijua tangu utoto wangu Unguja. Bakuli kubwa la Kiingereza la kutilia supu, lenye mikono miwili, la rangi ya buluu na picha ya mto, daraja, na ng'ombe wawili wanaokunywa maji. Ulinionyesha pale picha zinapokutana, jani moja limekatika na jingine haliendelei, ukaniambia, "Hapa fundi alichoka." Lilikuwa la Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao na vyombo vyake vikanadiwa uani. Wewe na Bi Salma mlikwenda pamoja, marafiki wa tangu chuo cha Kurani, mmefunikana buibui moja kwa jua. Mkarudi hamsemezani. Kila mmoja alilitaka bakuli, na kila mmoja akipandisha bei mwenzake anapandisha, mpaka dalali akachoka akasema kwa mzaha, basi huyu achukue bakuli na yule achukue kifuniko. Watu wakacheka. Nyinyi hamkucheka. Mkakubali.

Mkapatana siku ile ile, maana hamkuwa na uwezo wa kukasirikiana hadi kesho yake, lakini bakuli likakaa kwetu na kifuniko kikakaa kwake. Akija kwetu husema, "Nnakuja kulitazama bakuli langu." Ukienda kwake husema unakwenda kukiangalia kifuniko chako kama hakijapata vumbi. Miaka yote. Nilikuwa naona aibu mbele ya wenzangu, nikidhani mama zao wana akili kuliko wangu.

Tulipohama Unguja, bakuli ulilipakata wewe melini, limevishwa kanga, watu wakidhani una mtoto mchanga. Bi Salma tulimwacha. Habari zake hazikuja tena, na jina lake ukawa hulitaji ila mbele ya kidaka cha kati.

Siku uliyokufa alikuja Ummu Rashid wa Sidab kukuosha. Ulikuwa unamjua kwa sura, yule mwanamke mrefu anayeosha maiti wa kike huku kwetu. Mimi nilimmiminia maji. Mkunazi wa kukuoshea ulivurugwa kwenye karai la bati lenye kutu ukingoni, nami nikawa naitazama ile kutu, siwezi kukutazama wewe. Alipomaliza nilifanya kama inavyofanywa, nikampa nguo zako, kisha nikamwambia achague na chombo kimoja ukutani, kiwe sadaka yako. Sijui kwa nini nilisema ukutani. Alisimama pale muda mrefu, akanyoosha mkono kidaka cha kati. Nikamsaidia kulishusha. Sikuhisi lolote, Mama. Nilimshikia mlango.

Sasa Bi Salma. Yuko Dubai kwa mwanawe, amekuja Matrah kwa mpwa wake, na hakuna aliyemwambia kuwa umekufa. Aliuliza njia kwa kusema anamtaka Bi Asha wa sahani, na watu wakamleta. Nimefungua mlango, namwona amesimama na kifurushi kifuani, amezeeka, meno ya mbele hana, macho ni yale yale. Akanikumbatia, na kabla sijasema kitu akapaza sauti ipite mpaka ndani, "Mwambie Asha nimekuja kulichukua bakuli langu!"

Nikamwambia. Maneno niliyotumia siyakumbuki. Alikaa kizingitini pale pale na kifurushi chake mapajani, akalia kama watu wanavyolia, na mimi nikenda kutia kahawa.

Baadaye akakifungua. Kishikio chake kile cha ua waridi kimevunjika jani moja, basi. Mwanawe, anasema, alimgombeza siku waliyoondoka, vyombo vyote vinaachwa, yeye anapakia kifuniko kisicho na bakuli. "Nilijua Asha atalibeba lile bakuli," akaniambia. "Nami nikikiacha kifuniko, si keshashinda?" Kisha akainua macho, akakiona kidaka cha kati. "Liko wapi?"

Nikamwambia hilo nalo.

Tunajua sote wawili kwamba kitu kilichotolewa kwa ajili ya maiti hakidaiwi. Lakini nilimwona anakipapasa kile kifuniko ukingo mzima kwa kidole, anakwenda na kurudi, na nikaelewa kwamba amekibeba safari yote hiyo kwa ajili ya siku moja tu, siku ya kukaa na wewe na bakuli mkagombana. Wewe hupo. Bakuli limetoka kwa mkono wangu. "Nipeleke nikalione," akasema. "Nikalione tu. Sitosema neno." Huyo ni Bi Salma anayesema hatosema neno.

Tukaenda asubuhi yake. Yeye juu ya punda na kifurushi chake mapajani, mimi kwa miguu, kile kilima cha kati ya Maskati na Sidab. Njia nzima anayasuta mawe. "Nchi gani hii, mawe yamekaangwa!" Nilimwambia afanye haraka, mlango wa mji ukifungwa jioni tutabaki nje, akasema yeye keshafungiwa milango mikubwa kuliko huo. Sidab ilikuwa inanuka samaki wanaoanikwa, kama siku zote.

Ummu Rashid alitupokea vizuri mno. Bakuli lilikuwa juu ya rafu ya peke yake, limefunikwa kitambaa cheupe. Akakitoa kitambaa. Ndani mlikuwa na majani ya mkunazi yaliyopondwa, makavu, ya kijani.

Analitumia kuoshea maiti, Mama. Bakuli lako. Hukumruhusu mtu kulitia hata tende, na sasa ndilo linalovurugiwa mkunazi wa wanawake wote wa Sidab. Alinieleza kwa Kiarabu, nami nikamfasiria Bi Salma, kwamba siku ile aliviona vingi vya kupendeza ukutani, lakini alitazama akaona hiki ndicho hakijapata kutiwa chakula. "Ya binti," aliniambia, "mtu anayekwenda kwa Mola wake haoshwi kwa chombo cha mchuzi." Karai lake la bati alikuwa akilionea aibu miaka mingi.

Bi Salma aliinama, akalitazama. Akaligonga kwa ukucha, kama wewe. Likalia.

Halafu Ummu Rashid, ambaye hajui lolote kuhusu mnada wala nyinyi, akasema akikirudisha kile kitambaa kwamba bakuli hili halina dosari ila moja tu. Halina kifuniko. Mbuzi wanapenda mkunazi, na wameshatia vichwa humo zaidi ya mara moja.

Nilisita. Sentensi ile ningeweza kuimeza, Bi Salma Kiarabu chake ni cha kusomea Kurani tu, asingejua. Angerudi Dubai na kifuniko chake, na mimi ningeendelea kupangusa sahani. Nilimtazama yule mwanamke mrefu na kitambaa chake, nikaifasiri neno kwa neno, pamoja na mbuzi.

Bi Salma alikifungua kifurushi polepole, fundo la kwanza, fundo la pili. Akakishika kifuniko kwa lile ua lililovunjika, akakiweka juu ya bakuli, akakizungusha kidogo mpaka mto wa juu ukaungana na mto wa chini. Kikakaa. "Haya, Asha," akasema. "Chukua."

Ummu Rashid alimbusu mkono, akitudhani tumekuja makusudi kukileta.

Tuliporudi alikuwa juu ya punda, mapajani hana kitu, mpaka juu ya kilima. Hapo akasema, "Kanishinda. Keshakufa na kanishinda!" Nikacheka. Ndiyo sauti ya kwanza iliyonitoka tangu siku ile ambayo sikuiita mwenyewe, na haikuishia kwenye kicheko. Haikuwa kilio kirefu, Mama. Niliufuta uso kwa mtandio na nikaendelea kumvuta punda, kwa kuwa mlango ulikuwa karibu kufungwa. Lakini nimekuambia ili ujue.

Bi Salma yuko Matrah mpaka mwezi ujao. Anataka niweke sahani kubwa ya simba kidaka cha kati, mimi sitaki, naye ananiambia nimerithi kichwa chako. Tumeshagombana mara mbili. Barua hii ndiyo nitakayoiweka humo.

Sasa ahadi yangu. Kabla hatujaondoka Sidab nilimvuta Ummu Rashid pembeni nikamwambia, siku yangu ikifika, nioshwe kwa maji ya bakuli lile. Akaniombea umri, akasema huenda akatangulia yeye, lakini atawaagiza wanawe. Wewe uliondoka na maji ya karai la kutu, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikimimina. Mimi nitakuja na mkunazi wa bakuli lako, na utanijua kwa huo.

Pumzika, Mama. Kifuniko kimekaa sawasawa. Nilikitikisa kabla ya kutoka, hakichezi.

Mwanao,
Zuhura