Daktari Wangu Si Wangu Tena

Jumanne tarehe 7 Oktoba, manyunyu tangu asubuhi, nami nimekaa kituo cha basi nje ya kliniki nalia. Menna, soma yote kabla hujanipigia.

Unakumbuka chuo kilivyotuambia wanafunzi wapya tujiandikishe kwa daktari wa karibu na chuo? Nikatii. Mwenzio nina miaka hamsini na nane, hayo masomo ya jioni nimeyaombea tangu ujana. Wakisema ruka, naruka.

Leo nimekwenda kwa Daktari Prosser kuchukua dawa ya moyo kama kawaida. Delyth wa mapokezi akatazama kompyuta. "Glenys mpenzi, wewe si mgonjwa wetu tena."

Si mgonjwa wao! Prosser aliyekaa na mume wangu Idris mpaka akakata roho!

"Ukijiandikisha kwingine, kwetu unafutika," anasema. "Na nafasi yako ameshapewa mtu."

Nikapiga simu palepale kwa ile kliniki ya karibu na chuo. Kijana ananiuliza, "Mama, mwanao anaumwa nini?" Mwanangu! Mwanafunzi ni mimi! Akasema wataniona baada ya wiki tatu. Vidonge vyangu vinaisha Ijumaa, Menna.

Nikaomba kimoyomoyo, Bwana, uzuie ulimi wangu. Haukuzuilika. Foleni nzima inanitazama, na mke wa mchungaji wetu yumo, kashika mwavuli wake.

Nikapaza sauti: "Delyth, nirudishe kwa Prosser, na mbele ya Mungu na watu hawa wote naapa, chuo naacha leo hii!"